Bibi alibeba maboksi kuvuka Ruvuma: tuleteane simulizi za vita vya Msumbiji kutoka kwa wazee wetu wa Kusini

MwanaMahuta (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Nimerudi juzi kutoka kijijini, wilaya ya Tandahimba, ukingoni kabisa mwa uwanda. Ukisimama nyuma ya choo cha bibi yangu unaliona bonde la Ruvuma lote, na ng'ambo yake milima ya Msumbiji. Nilikwenda kupulizia salfa mikorosho, sikwenda kutafuta historia.

Jioni moja tumekaa uani tunamenya ming'oko ya kuchemsha, upepo ukampeperushia bibi mtandio. Utosini hapana nywele. Duara safi, ukubwa wa kisahani cha chai. Nina miaka thelathini na nane na sikuwahi kuliona, maana mtandio hautoki kichwani mwake hata akilala. Nikamuuliza, bibi, hapo umefanya nini?

"Ngata hiyo, mume wangu. Ngata ya FRELIMO."

Nikaacha ming'oko.

Bibi kazaliwa ng'ambo, uwanda wa Mueda. Alivuka na wazazi wake akiwa mwari, baada ya Wareno kuua watu pale Mueda mwaka 1960. Akaolewa huku. FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, kilipoanza vita na Mreno wakaja watu usiku kwa mjumbe wakitaka wabebaji. Lori lilikuwa linaleta mzigo hadi barabara inapoishia, linazima taa, linashusha. Kuanzia hapo ni shingo za watu. Wanateremka bonde usiku, wanalala mchana kwenye vichaka, usiku wa pili wanafika mtoni. Wengine wanakabidhi hapo hapo kwenye mitumbwi. Yeye alivuka mpaka ng'ambo kwa sababu njia za kule alizijua tangu utotoni.

Anasema alikwenda mara nne. Hawakuambiwa ndani ya maboksi mna nini, na kuuliza ilikuwa mwiko. Ila shingo inajua. Risasi ni nzito na hazichezi. Dawa ni nyepesi, zinagongana kama glasi. Blanketi zinaonekana zilivyo.

Safari ya tatu boksi lake lilikuwa zito la ajabu, kamba ya katani imemkata viganja. Akateleza kwenye tope, likapasuka. Mlikuwa na chaki. Chaki na madaftari! "Nililia, mume wangu. Nikawaambia yaani mnanivunja shingo kwa chaki? Mreno tunampiga kwa chaki?" Kamanda wao akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaziokota moja moja kwa tochi, akifuta tope kwenye suruali yake.

Nimetafuta kwenye vitabu wanaposimulia vita hivi nikakuta makamanda. Wa boksi la chaki simuoni. Nyie wa Mtwara na Lindi, wazee wenu waliwaambia nini? Hata kipande kifupi leteni. Naandika kila kitu.

---

KoroshoGhafi

Nimeweka mkeka hapa. Endeleeni.

---

Mmawia_wa_Lindi

Mkuu umenigusa pabaya. Sisi ndio hao hao, "Wamawia" kama mlivyokuwa mnatuita, na si wote mlituita kwa wema.

Babu yangu alivuka zamani zaidi, enzi za mkonge. Mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani yalijaa Wamakonde wa ng'ambo, wengine wakapanda hadi Tanga. Kule kwao Mreno alikuwa anawakamata kwa kazi za lazima na kuwalazimisha kulima pamba, huku kwa Mwingereza angalau kulikuwa na mshahara wa kununulia shuka. Na huku ndiko walikoonja siasa. Waliona TANU inafanya mikutano mchana kweupe, watu wanalipa kadi, hakuna anayechapwa.

Ndiyo maana stori ya Mueda inaanzia huku kwetu. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane walitokea Tanganyika, wakaenda kumwambia Mreno kwamba watu wao wanataka kurudi nyumbani wakiwa huru. Tarehe 16 Juni 1960 gavana wa jimbo akaja Mueda kutoka Porto Amélia, ndiyo Pemba ya leo. Watu walijaa uwanjani wakidhani watapewa jibu. Hao wawili wakatiwa pingu, umma ukachachamaa, askari wakafyatua. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. FRELIMO walisema takriban 600, wapo watafiti wanaosema ni wachache zaidi ya hapo. Babu yangu hakuwepo siku ile ila dada yake alikuwepo. Yeye hakuwa anataja idadi, alikuwa anataja baiskeli. Watu walikuja na baiskeli kutoka vijiji vya mbali wakaziegemeza pamoja, na jioni zikabaki zimeegemezwa, wenyewe hawapo.

Chipande, yule aliyeongoza shambulio la kwanza pale Chai tarehe 25 Septemba 1964, naye amesimulia mwenyewe kwamba siku ya Mueda alikuwepo. Kwa hiyo ukiuliza vita vilianza lini, kitabu kitakwambia 1964. Nyumbani kwetu vilianza siku ya baiskeli.

---

Kichwa_Ngumu

Uzi mzuri ila tuwe makini wakuu. Wazee wanachanganya mambo. Bibi wa umri huo anaweza kuchanganya na Kagera, au kuchukua stori ya jirani akaifanya yake. Mizigo ya vyama vya ukombozi ilikuwa inapita kwa serikali na Kamati ya Ukombozi ya OAU, ilikuwa siri ya dola. Mambo ya kubebesha wanawake wa kijijini maboksi ya risasi mimi sijashawishika. Ana ushahidi gani, tarehe gani?

---

MwanaMahuta

> Kichwa_Ngumu alisema: Ana ushahidi gani, tarehe gani?

Mkuu, Kagera iko Ziwa Victoria. Bibi yangu hajawahi kufika hata Dodoma. Atachanganyaje?

Tarehe anayo, ila kalenda yake ni watoto. Mwaka wa Azimio la Arusha alikuwa na mimba ya baba yangu mdogo, hiyo 1967 hakwenda. Safari mbili kabla, mbili baada. Baba mdogo yupo, cheti anacho, piga hesabu mwenyewe.

Na hao wabebaji wengi walikuwa wanatoka ng'ambo wenyewe, hilo ni kweli. Walikuja wamebeba njugu, ufuta, korosho na vinyago vya kuuza huku, wanarudi na silaha, chumvi na nguo. Bibi anasema watu wa vijiji vya ukingoni waliitwa pale walipopungua, na walioitwa ni wale wenye asili ya kule. Serikali ilileta mzigo mpaka barabara ilipoishia. Wewe unadhani kutoka hapo ulijipeleka?

---

Kichwa_Ngumu

Sawa, hapo kwenye mimba nimekubali kidogo. Kidogo.

---

Mtoto_wa_Farm17

Nachingwea tupo.

Mimi nimekulia karibu na ilipokuwa kambi. Kwa wasiojua, Farm 17 ni jina lililobaki kutoka mradi wa karanga wa Mwingereza, ule ulioanza 1947 ukafa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Walifyeka mapori, wakajenga bandari Mtwara, wakalaza reli hadi Nachingwea, karanga zikagoma. Baadaye reli ikang'olewa. Yakabaki mashamba yenye namba, nyumba na uwanja wa ndege, ndipo FRELIMO wakapewa sehemu kuwa kambi yao kuu ya mafunzo kuanzia 1965 hivi. Yaani Mwingereza alisafisha pori bila kujua anamsafishia nani.

Baba yangu alikuwa mtoto wa kama miaka tisa, anauza maembe na kuni pembeni ya barabara ya kambi. Ndani alikuwa haruhusiwi. Alikuwa anasikia tu. Alfajiri nyimbo, halafu kishindo cha miguu, halafu kimya kirefu, halafu majembe. Majembe ndiyo yaliyomshangaza, maana alidhani askari hawalimi. Hawa walilima mahindi na mihogo, wakafuga, na wakubwa wao walishika jembe vilevile. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, alimuona mara kadhaa akipita kwa miguu, mtu mfupi mwenye ndevu, anatembea kama anayechelewa. Walimu wa Kichina nao aliwaona, wakinunua maembe kwa ishara za vidole, na hapo baba alijifunza kuongeza bei kwa vidole.

Ila kilichotikisa Nachingwea nzima ni wasichana. Mwaka 1967 kikosi cha kwanza cha wanawake kilianza mafunzo pale, akiwemo Josina aliyekuja kuwa mke wa Samora. Wanawake wenye bunduki, wamevaa suruali, wanakimbia pamoja na wanaume! Bibi yangu mzaa baba alikataza binti zake wasipite barabara ile, wasije wakaiga. Shangazi yangu mmoja alikuwa anapita makusudi. Alikaa chini ya mwembe na beseni la maembe yasiyouzwa, anawaangalia tu. Mpaka anakufa alikuwa anavaa suruali shambani, na kila aliyeuliza alijibiwa, "Nilijifunza kwa FRELIMO."

Josina alifariki Dar tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25 tu. Kule Msumbiji ndiyo siku yao ya wanawake. Sisi siku hiyo hiyo tunamkumbuka Karume, aliyeuawa mwaka mmoja kamili baadaye. Nachingwea wapo wazee ambao tarehe 7 Aprili wanamkumbuka Josina kwanza.

---

Somoe_Mikindani

Jamani mimi huwa nasoma tu, siandiki. Leo acha niandike.

Marehemu mama yangu alifua mashuka kwenye hospitali ya FRELIMO hapa Mtwara, ile waliyoiita Américo Boavida, jina la daktari Mwangola aliyeuawa vitani 1968. Mama hakuwa muuguzi. Kazi yake ilikuwa maji, sabuni na damu. Alitufundisha wanawe wote kutoa damu kwenye shuka kwa maji baridi na chumvi, na kila tukifua alisema, "Maji ya moto yanaipika, inakaa milele."

Majeruhi walikuwa wanafika wakiwa wamebebwa kwa machela, miti miwili na blanketi, watu wanne wanapokezana kwa siku kadhaa porini mpaka mtoni, halafu mtumbwi, halafu huku tena kubebwa mpaka penye gari. Wengi ni miguu. Mreno alitega mabomu kwenye mapito. Mama alisema aliyefika hai ameshashinda nusu, waliofia njiani walizikwa njiani.

Kijana mmoja alikatwa mguu wa kulia juu ya goti. Alipozinduka hakuuliza mguu, aliuliza kiatu. Alikuwa amepewa buti mpya wiki ile, buti za kwanza maishani mwake. Mama alikuwa ameliona buti moja kwenye fungu la nguo za kufua. Akalisafisha, akamletea. Yule kijana akaliweka chini ya mto akalala nalo. Wiki ya pili akamwita mama akampa, akasema, "Mama, mtafutie mtu mwenye mguu wa kushoto tu." Akacheka, mama naye akacheka, kisha mama akaenda nyuma ya jiko akalia.

Jina lake mama alilijua lakini hakututajia. Wote walikuwa na majina ya vita.

---

KoroshoGhafi

Dada Somoe, usiache kuandika tafadhali.

---

Ndonya_ya_Bibi

Naona mnazunguka. Hakuna atakayemtaja Kavandame? Nimtaje mimi.

Kwa Wamakonde wa pande zote mbili za mto, Lazaro Kavandame alikuwa mtu mzito. Kabla ya vita aliunda ushirika wa pamba kule Mueda mpaka Mreno akaogopa akaufuta. FRELIMO ilipoanza yeye ndiye alikuwa kiongozi wa jimbo la Cabo Delgado, na biashara ya kuvusha mazao na bidhaa ilikuwa mikononi mwake na wenzake. Leo mnaambiwa alikuwa msaliti, basi. Babu yangu alikuwa anasema ugomvi haukuwa rahisi hivyo. Wamakonde walikuwa wanakufa wengi, na waliokaa vyeoni ni watu wa kusini kule Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, wasiojua hata Kimakonde. Watu walinung'unika.

---

Mmawia_wa_Lindi

> Ndonya_ya_Bibi alisema: ugomvi haukuwa rahisi hivyo

Ndugu yangu, manung'uniko yalikuwepo, sikatai. Lakini waulize waliobeba. Babu yangu alibeba ufuta kutoka ndani kabisa ya Cabo Delgado, siku nne kichwani, akifika dukani anapewa chumvi ya kiganja na kitambaa cha kufunika goti. Anayepanga bei ni nani? Watu wa Kavandame. Babu alikuwa anasema, "Tumemkimbia Mhindi wa Mreno tumemkuta Mmakonde wa FRELIMO."

Na Desemba 1968 Paulo Kankhomba, kamanda aliyekuwa anakwenda kuvuka, akauawa kwenye ukingo wa huku kwetu, na lawama zikawaangukia watu wa Kavandame. Februari 3, 1969 Mondlane, rais wa FRELIMO, akalipukiwa na kitabu cha bomu Dar. Miezi miwili baadaye Kavandame akajisalimisha kwa Mreno. Alipomfikia, akatumika kuwaita watu wake wajisalimishe, karatasi zikadondoshwa kwa ndege. Wangapi walimfuata? Babu alisema karatasi zile zilifaa kuvutia tumbaku.

---

Ndonya_ya_Bibi

Babu yako na babu yangu wangekutana wangepigana bakora. Naheshimu. Ila kwetu bado anatajwa kwa sauti ya chini, na mtu anayetajwa kwa sauti ya chini hajaisha.

---

Kichwa_Ngumu

Haya sasa, na mimi nilete changu, maana nimekuwa kama hakimu hapa.

Mzee wangu alikuwa mgambo, kijiji kimoja bondeni. Msisahau kwamba vita vilitupiga na sisi. Ndege za Mreno zilikuwa zinavuka mto kama hakuna mpaka. Kila nyumba ilikuwa na handaki, kwetu lilichimbwa chini ya mkorosho ili ndege isilione. Saa za jioni hakuna kuwasha moto nje, hakuna kuanika nguo nyeupe. Mzee alikuwa anatofautisha ndege kwa mlio: hii inapiga picha, hii inadondosha. Bomu la kutegwa liliua mbuzi wetu kwanza, kisha mwaka uleule likamuua jirani aliyekuwa anakwenda kutega samaki.

Nendeni Naliendele hapa Mtwara mkaone makaburi ya mashujaa. Ni askari wetu wa JWTZ waliokufa katika vita hivyo hivyo vya Msumbiji, sehemu kubwa miaka ya mwanzo ya sabini. Mzee kila mwaka alikuwa anakwenda na fagio lake. Hakuwa na ndugu pale.

Oktoba 2020 wale wauaji wa Cabo Delgado walipovuka wakakichoma kijiji cha Kitaya, mzee alikuwa hai bado, amelala kitandani. Tukamwambia kuna watu wamevuka kutoka ng'ambo wamechoma nyumba. Akasema, "Mreno karudi?" Tukamwambia hapana, si Mreno. Akauliza sasa ni nani. Hakuna kati yetu aliyeweza kumjibu akaelewa.

---

Mtoto_wa_Farm17

Pole mkuu. Leo umetoa jiwe moyoni.

Swali kwa mwanzisha uzi: bibi hajawahi kupata chochote? Ng'ambo wapiganaji wa zamani wana pensheni.

---

MwanaMahuta

Hana kadi ya kule wala jina kwenye daftari lolote. Ng'ambo wanamuona Mtanzania, huku alikuwa mkimbizi kisha akawa mke wa mtu. Nilimuuliza kama inamuuma, akaniambia kinachomuuma ni goti.

Kitu kimoja tu alichopata. Kwenye lile boksi lililopasuka alificha kipande cha chaki kwenye pindo la kanga. Mwaka 1970 ulipotangazwa wa elimu ya watu wazima, darasa likafunguliwa chini ya mwembe, mwalimu hana chaki. Bibi akatoa yake. Jina lake la kwanza kuandika maishani aliliandika kwa chaki ya FRELIMO. Nilimuuliza kwa nini aliiba, akasema, "Sikuiba, nilijilipa."

---

MwanaMahuta (siku nne baadaye)

Wakuu, nimempigia bibi jana, binamu akamshikia simu kwenye spika, nikamsomea uzi wote. Nimechukua saa nzima na vocha mbili.

Ya Nachingwea alicheka sana, akasema wale wasichana walipita kwake wakaomba maji, na mmoja alimwachia kitana. Ya Kavandame alinyamaza, akasema "endelea." Ya baiskeli alisema kweli, baba yake mwenyewe aliacha baiskeli pale.

Nilipofika kwa dada Somoe, kwenye machela, akanikatisha. Akaniambia nirudie sehemu ya watu wanne wanaopokezana. Nikarudia. Kimya. Nikadhani simu imekatika.

Halafu akasema, "Zilikuwa safari saba, mume wangu, siyo nne."

Nikamwambia bibi, mbona uliniambia nne?

"Uliniuliza maboksi. Machela hukuniuliza."

Nikamuuliza sasa. Akasema mambo hayo hayasemwi kwenye simu, niende nikakae chini. Jumamosi napanda basi la alfajiri.

---

Somoe_Mikindani

Mkuu, nenda na chumvi na sukari, usiende mikono mitupu. Na muulize taratibu kama aliwahi kumbeba kijana mwenye buti jipya.

---

Kichwa_Ngumu

Beba na betri ya ziada. Umeme wa huko naujua.